Mali Bila Daftari: Uandishi wa Mikataba kwa Matini Sahili na Udhibiti wa Matoleo

Utangulizi

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu hutajwa tunapozungumzia hesabu za dukani, lakini uzito wake huongezeka tunapoigeukia mikataba, kwa kuwa mkataba wenyewe ni daftari la ahadi. Swali ambalo makala haya yanalenga kulijibu ni hili: je, daftari hilo nalo lina daftari lake? Rasimu ya mkataba inapopita mikononi mwa watu watatu au wanne kabla ya kutiwa sahihi, ni nani anayeweka kumbukumbu ya neno lililoondolewa, neno lililoingizwa, aliyelibadilisha na siku aliyolibadilisha?

Huenda msomaji akajiuliza jarida la wanafunzi wa Kiswahili lina haja gani na mikataba, sembuse tarakilishi. Jibu ni kwamba mkataba ni matini, na matini yenye waandishi wengi huzaa matoleo mengi. Sisi tunaosoma fasihi tunalifahamu jambo hili vyema. Nakala za tendi za kale zilizotufikia kwa hati za Kiarabu hazilingani neno kwa neno, na mhakiki huanza kazi yake kwa kuziweka sambamba na kuuliza ni mkono upi ulioandika nini. Mbinu inayoelezwa hapa hufanya kazi iyo hiyo, ila huifanya wakati matini ingali inaandikwa. Waandishi wa programu za tarakilishi wameitumia kwa nusu karne sasa. Makala haya yanaeleza jinsi inavyofanya kazi, faida yake kwa mikataba, hasa mikataba ya lugha mbili, na mipaka yake.

Kisa cha neno moja

Nitaanza kwa kisa kilichonifikisha kwenye mada hii. Nilipokuwa katika mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza, niliombwa na kikundi kimoja cha wasusi wa vyondo huko Ukambani niwatafsirie mkataba. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alikuwa tayari kununua vyondo vyao kwa jumla. Rasimu ilikuwa kwa Kiingereza, na ilisafiri kwa barua pepe kati ya mfanyabiashara, wakili wake na katibu wa kikundi. Nililetewa faili iliyoitwa "Mkataba wa Mwisho". Nikaitafsiri kwa uangalifu niliojaliwa, na tafsiri ikasomwa kwa sauti mbele ya wanachama wote. Wakauliza maswali, wakaridhika.

Siku ya kutia sahihi, kilichowekwa mezani kilikuwa mkataba wa Kiingereza. Faili yake iliitwa "Mkataba wa Mwisho Kabisa". Kati ya mwisho ule na mwisho huu palikuwa na rasimu mbili ambazo sikuziona. Kifungu cha 4 nilichokitafsiri kilisema kuwa mnunuzi atalipa ndani ya siku 30 tangu kuvipokea vyondo. Kifungu cha 4 kilichotiwa sahihi kilisema kuwa atalipa ndani ya siku 30 tangu kuviuza. Kitenzi kimoja kilikuwa kimebadilishwa. Vyondo 240 vikakaa ghalani kwa mnunuzi miezi minane, na kwa mujibu wa maandishi, akina mama wale hawakuwa wanadai chochote.

Sikupata ushahidi kuwa palikuwa na hila. Rasimu yenye badiliko ilikuwa imetumwa kwa katibu, naye aliifungua katika simu, akaona kurasa zile zile alizozizoea. Mwenyekiti wa kikundi aliniambia jambo moja tu: "Mwanangu, sisi tulikubali karatasi yako." Waama, karatasi yangu ilikuwa sahihi. Kosa ni kuwa ilikuwa tafsiri ya matini ambayo haikuwa mkataba tena.

Koma, kitenzi na ukurasa wa sahihi

Kisa hicho si cha pekee. Historia ya bara letu ina mfano mkubwa zaidi. Tarehe 2 Mei 1889, Menelik wa Pili wa Uhabeshi na serikali ya Italia walitia sahihi Mkataba wa Wuchale, kwa Kiamhari na Kiitaliano. Kifungu cha 17 cha toleo la Kiamhari kilimpa Menelik hiari ya kuitumia serikali ya Italia katika mawasiliano yake na mataifa mengine. Toleo la Kiitaliano lilifasiriwa na Waitaliano kuwa linamlazimu kufanya hivyo, na kwa msingi huo wakadai kuwa Uhabeshi ni himaya yao. Menelik aliukana mkataba huo mwaka 1893, na mzozo ukaishia katika Vita vya Adwa mwezi Machi 1896, ambako jeshi la Italia lilishindwa. Tofauti kati ya "aweza" na "hana budi" iligharimu maelfu ya roho.

Katika nyakati zetu, kampuni mbili za mawasiliano nchini Kanada, Rogers na Aliant, zilizozana kuhusu mkataba wa matumizi ya nguzo. Mwaka 2006 halmashauri inayosimamia mawasiliano nchini humo iliamua kuwa koma moja katika sentensi ya Kiingereza iliuruhusu mkataba uvunjwe wakati wowote kwa notisi ya mwaka mmoja, hata kabla ya kipindi cha kwanza cha miaka mitano kumalizika. Mwaka 2007 halmashauri iyo hiyo iliubadilisha uamuzi wake baada ya kulitazama toleo la Kifaransa la mkataba kielelezo, ambalo halikuwa na utata huo. Kwa hivyo, toleo la lugha ya pili si pambo. Laweza kuwa ndilo linalofafanua lile la kwanza.

Mfano wa tatu unahusu ukurasa wa mwisho. Mwaka 2008, katika kesi iliyohusu kampuni ya Mercury Tax Group, Mahakama Kuu ya Uingereza ilizungumzia hati ambazo kurasa zake za sahihi zilitiwa sahihi zikiwa sehemu ya rasimu, kisha zikahamishiwa kwenye matini iliyokamilishwa baadaye. Jaji aliona kuwa hati na ukurasa wake wa sahihi vinapaswa kuwa kitu kimoja wakati wa kutia sahihi. Katika mifano yote mitatu, pamoja na kile kisa cha vyondo, tatizo ni moja: watu wanaafikiana juu ya matini ambazo si moja.

Matini sahili ni nini?

Matini sahili ni maandishi yenye herufi, tarakimu, alama za uakifishi na nafasi tu. Hayana wino mzito, rangi, ukubwa wa herufi wala maelezo yaliyofichika. Faili ya namna hii hufunguliwa na tarakilishi yoyote, ya zamani au ya sasa, kwa programu yoyote ya kuandikia.

Faili ya kawaida ya Word ni kitu tofauti. Tangu mwaka 2007, faili hiyo ni bunda la faili kadhaa zilizobanwa pamoja: nyingine zina maneno, nyingine mitindo, nyingine kumbukumbu za uhariri. Word ina uwezo wa kuonyesha mabadiliko, lakini uwezo huo humtegemea aliyeshika kalamu. Akiuzima, au akiyakubali mabadiliko yote kabla ya kutuma, mpokeaji huletewa ukurasa safi. Vilevile, programu hiyo yaweza kulinganisha faili mbili, ila ni lazima mtu awe nazo zote mbili na akumbuke kuzilinganisha. Katibu wetu hakukumbuka, na nisingemlaumu.

Anayeandika mkataba kwa matini sahili hufuata desturi chache. Kwanza, kila sentensi hupewa mstari wake, hata ikiwa fupi, kwa sababu programu za kulinganisha husoma mstari kwa mstari. Pili, vichwa na nambari za vifungu huonyeshwa kwa alama nyepesi zinazosomeka hata bila programu maalumu, kama alama za Markdown, mfumo uliotolewa mwaka 2004. Tatu, istilahi hufafanuliwa mahali pamoja mwanzoni, na neno lililofafanuliwa halibadilishwi kwa kisawe. Mshairi husifiwa kwa wingi wa visawe, lakini mwandishi wa mkataba akisema "bidhaa" katika kifungu cha 2 na "mizigo" katika kifungu cha 6, amemfungulia mpinzani mlango. Mkataba unapokamilika, matini hiyo hugeuzwa kuwa hati nadhifu ya kuchapishwa na kutiwa sahihi.

Udhibiti wa matoleo

Haja ya kufuatilia mabadiliko ilianza kushughulikiwa kwa tarakilishi mapema. Mwaka 1972, katika maabara za Bell nchini Marekani, Marc Rochkind aliunda mfumo wa kuhifadhi matoleo ya programu. Miaka miwili baadaye, Douglas McIlroy wa maabara hizo hizo alikuwa ameandika programu ya kulinganisha faili mbili na kuonyesha mistari inayotofautiana. Mfumo unaotumika zaidi hivi leo ni Git, ulioanzishwa mwaka 2005 na Linus Torvalds, muundaji wa Linux, ili mabadiliko ya maelfu ya wachangiaji yaweze kufuatiliwa bila kuvurugana.

Utendaji wake waweza kuelezwa kwa maneno machache. Faili za mkataba huwekwa katika hazina. Kila mwandishi anapokamilisha badiliko, huliingiza katika hazina kama hatua moja, pamoja na jina lake, tarehe, saa na maelezo mafupi ya sababu. Hatua za awali hazifutwi na zile zinazofuata. Yeyote mwenye nakala ya hazina ana nakala ya historia nzima, na aweza kurejea hatua yoyote.

Aidha, Git hukokotoa alama ya utambulisho ya kila hatua, yenye herufi na tarakimu 40, kutokana na yaliyomo pamoja na alama ya hatua iliyotangulia. Mtu akiondoa koma moja katika hatua ya tatu, alama ya hatua hiyo hubadilika, na kwa kuwa hatua ya nne inaitegemea ya tatu, nayo hubadilika, hadi ya mwisho. Hatua hizi ni kama vina katika utenzi: ukikivunja kimoja, msikilizaji hutambua. Kwa hivyo pande mbili za mkataba zinaweza kusomeana alama hiyo kwa simu kabla ya kutia sahihi. Zikilingana, wote wana matini moja yenye historia moja.

Hebu sasa tukirejelee kifungu cha 4. Laiti rasimu zile zingekuwa katika hazina ya namna hii, katibu angeliomba kuonyeshwa yaliyobadilika tangu hatua iliyotafsiriwa, naye angeletewa mistari miwili tu:

- Mnunuzi atalipa bei yote ndani ya siku 30 tangu kuvipokea vyondo.
+ Mnunuzi atalipa bei yote ndani ya siku 30 tangu kuviuza vyondo.

Alama ya kutoa inaonyesha mstari ulioondolewa, na ya kujumlisha inaonyesha ulioingizwa. Kurasa nyingine zote ambazo hazikuguswa hazimsumbui msomaji. Hakuna haja ya shahada ya sheria kuutambua uzito wa mistari hii, msusi yeyote wa kikundi kile angeuliza: "Na asipoviuza?"

Mbali na hayo, mfumo huu una matawi. Upande mmoja unapotaka kupendekeza masharti mapya, huyaandika katika tawi lake bila kuigusa rasimu ya pamoja. Upande wa pili huyasoma, huyajadili, kisha ama huyakubali yakaunganishwa na rasimu kuu, ama huyakataa. Ikiwa pande zote mbili zimebadilisha mstari mmoja kwa namna tofauti, programu hukataa kuchagua. Husimama na kuonyesha mgongano, ili watu wenyewe waamue. Hatimaye, toleo litakalotiwa sahihi hupewa lebo ya kudumu. Hapo hapawi tena na "mwisho" na "mwisho kabisa".

Mbinu hii imekwisha kuvuka mipaka ya programu. Baraza la jiji la Washington nchini Marekani limezichapisha sheria zake katika hazina ya Git iliyo wazi kwa umma, na mwaka 2018 mkazi mmoja aliyegundua kosa la uchapaji katika sheria alipendekeza sahihisho kupitia hazina hiyo, nalo likakubaliwa.

Mkataba wa lugha mbili

Hapa ndipo mada hii inapotuhusu zaidi. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Hata hivyo, mikataba mingi inayowafunga wananchi wa kawaida huandikwa kwa Kiingereza. Tafsiri ya Kiswahili ikiwapo, huja mwishoni kama fadhila, na mara nyingine huambatana na kifungu kisemacho kuwa matoleo yakitofautiana, la Kiingereza ndilo litakalotawala. Msomaji wa Kiswahili huwa amesoma matini moja na kufungwa na nyingine.

Udhibiti wa matoleo waweza kupunguza dhuluma hii kwa kanuni moja nyepesi: matoleo yote mawili yawekwe katika hazina moja, kifungu kwa kifungu, na badiliko lolote liyaguse yote mawili katika hatua moja. Hatua iliyogusa faili ya Kiingereza pekee huonekana mara moja katika historia, na mtafsiri hujua kuwa kifungu cha 4 kimebadilika na tafsiri yake imepitwa. Kwa njia hii tafsiri huandamana na rasimu tangu mwanzo.

Fauka ya hayo, kutafsiri sambamba na uandishi hufichua utata mapema. Kiswahili hudai kujua ngeli ya kirejelewa. Sentensi ya Kiingereza inayosema kuwa kitu fulani "kitarudishwa" yaweza kumwacha msomaji akikisia ni kipi. Mtafsiri hana budi kuchagua kati ya "kitarudishwa", "vitarudishwa" na "zitarudishwa", yaani kati ya chondo, vyondo na pesa. Swali lake huandikwa katika hazina, na waandishi hulazimika kulijibu kabla ya sahihi kutiwa.

Mipaka ya mbinu hii

Ni muhali kuisifu dawa bila kutaja madhara yake. Kwanza, mbinu hii ni kinga zaidi kuliko tiba. Kanuni ya jumla ya sheria ya mikataba tuliyoirithi kutoka Uingereza ni kuwa mkataba ulioandikwa kikamilifu haubadilishwi kwa ushahidi wa rasimu au mazungumzo yaliyoutangulia. Aidha, katika kesi ya L'Estrange dhidi ya Graucob ya mwaka 1934, mahakama ya Uingereza ilishikilia kuwa anayetia sahihi hufungwa na aliyoyatia sahihi hata kama hakuyasoma, isipokuwa pawe na ulaghai au upotoshaji. Historia ya rasimu haina budi kusomwa kabla ya kalamu kushikwa. Akina mama wale wangelinusurika siku moja kabla ya kutia sahihi, si siku moja baadaye.

Pili, jina na tarehe katika hatua ya Git ni yale aliyojitambulisha nayo mwandishi, na mdanganyifu aweza kuandika jina la mwenziwe. Ipo njia ya kuitia kila hatua sahihi ya kidijitali, na kwa mikataba njia hiyo isipuuzwe. Vilevile, mwaka 2017 watafiti walidhihirisha kuwa kanuni ya hisabati iliyo nyuma ya zile alama za tarakimu 40 yaweza kuhadaiwa, ingawa kwa jitihada kubwa. Tangu mwaka 2020 Git imekuwa na uwezo wa kutumia kanuni imara zaidi, yenye alama za tarakimu 64.

Tatu, sheria ina masharti yake. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, hudai kuwa mkataba wa kuhamisha maslahi katika ardhi uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe. Marekebisho ya mwaka 2020 yalizitambua sahihi za kielektroniki za kiwango cha juu, lakini si kila alama katika tarakilishi ni sahihi kisheria. Hazina hutunza matini. Haichukui nafasi ya wakili wala shahidi.

Nne, historia husema mengi. Rasimu za awali huonyesha bei ambayo upande mmoja ulikuwa tayari kuikubali. Ni busara kila upande uwe na hazina yake ya faragha kwa mashauri ya ndani, na ya pamoja kwa yaliyokwisha kupendekezwa rasmi.

Mwisho, programu hulinganisha herufi, haifahamu maana. Itaonyesha kuwa "kuvipokea" kumekuwa "kuviuza", lakini haitasema ni nani atakayelala njaa. Kazi hiyo ni ya msomaji.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa matini sahili na udhibiti wa matoleo humpa kila mhusika wa mkataba haki ambayo hadi sasa imekuwa ya aliyeshika kalamu: haki ya kuona jinsi maneno yalivyobadilika. Programu zenyewe hazina malipo, na misingi yake yaweza kufunzwa kwa siku chache. Kinachokosekana ni wasomaji makini wa lugha zote mbili, wanaoweza kuketi kati ya wakili na msusi.

Wasomaji hao ni sisi. Mwanafunzi aliyefunzwa kuziweka sambamba nakala mbili za utenzi na kueleza kwa nini ubeti mmoja unatofautiana ana stadi inayohitajika katika ofisi za wanasheria, vyama vya ushirika na mashirika ya wakulima. Hivi leo ninapoombwa kutafsiri mkataba, sianzi na kifungu cha kwanza. Huanza kwa kuuliza: hili ni toleo la ngapi, nani mwenye mengine, na litakalotiwa sahihi ni lipi? Nisipojibiwa, sishiki kalamu. Haifai kuandikia mate na wino ungalipo, lakini pia haifai kuutumia wino kabla ya kujua karatasi ni ipi.